Mwenye sifuri kapandisha trekta mpaka 8,100, kesho yake "hana hela": tununue sisi?

Swali limetoka Urambo, nimelifupisha kidogo. "Shikamoo kaka. Mi nalima tumbaku, msimu huu malipo yalikaa vizuri nikaona nitafute trekta. Kaka yangu anaishi Leicester, Uingereza, akaniambia trekta za Massey Ferguson 290 zinapatikana eBay, ule mtandao wa minada, kwa bei ya chini kuliko za Dar. Tukapata moja, mnada wa siku saba, ilianzia pauni 1,000, siku ya mwisho mchana ilikuwa 5,200 na sisi ndo tunaongoza, braza alishaweka mwisho wetu 8,000. Imebaki kama saa moja wafunge akaingia mtu ana sifuri kwenye mabano pembeni ya jina lake, akapanda akapanda mpaka 8,100 akatupita, mnada ukaisha hivyo. Asubuhi muuzaji anatuandikia eti mshindi hana hela, tuchukue sisi kwa 8,000. Hii ni halali kweli? Tununue au tuache? Skrinshoti nimekutumia."

Marahaba mdogo wangu, hongera kwa msimu. Jibu kwanza alafu maelezo baadae: kwa 8,000 msinunue. Na hata akishusha bei mi bado ningetaka vitu viwili vitatu kabla hata shilingi haijatoka mfukoni, nitakwambia ni vipi.

Tuanze na hiyo 8,000 yenu inavyofanya kazi maana naona wengi inawachanganya. Braza alipoandika 8,000, eBay haikuweka 8,000 pale juu. Iliificha. Ikawa inampandishia yenyewe kidogo kidogo, kila mtu akija na dau lake mfumo unaliruka kwa hatua moja tu, na kwenye bei za namna hiyo hatua ni kama pauni 100. Kwahiyo ukiona 5,200 maana yake mtu wa kweli aliyekuwa nyuma yenu aliishia 5,100, basi. Hiyo ndo bei ya sokoni ya lile trekta siku ile, kwa watu waliokuwepo. Ile 8,000 ni siri kati ya braza na mashine ya eBay, na kazi yote ya mtu anayeweka madau hewa, yani ya uongo ya kumpandishia muuzaji bei, ni kuichimba hiyo siri mpaka aifikie.

Sasa anaichimbaje, angalia skrinshoti yako mwenyewe. Jamaa kaanza saa 1:02 jioni ya kule, 5,300. Mfumo ukamjibu palepale kwa niaba ya braza. Dakika hiyohiyo 5,600. Akajibiwa. 6,000, akajibiwa, 6,300, 6,800, anapapasa tu kama mtu anayetafuta swichi ukutani gizani, dakika sita madau tisa, alafu kimya cha dakika kumi na moja, alafu ndo linakuja la kuwapita na bei inasimama 8,100. Mnunuzi anayelitaka trekta na anajua mwisho wake angeandika namba yake mara moja akatulia. Huyu hakuwa anatafuta trekta, alikuwa anatafuta namba yenu.

Ila subiri, nisimhukumu kwa hilo peke yake. Wageni wa eBay wengi tu wanapanda hivyohivyo, hawajui kwamba kuna dau lililofichwa, wanaona wamezidiwa wanaongeza, wanazidiwa wanaongeza, hasira inapanda na bei inapanda nayo. Na sifuri kwenye mabano maana yake tu hajawahi kupewa fidibaki, yani maoni ya waliofanya naye biashara, kila mtu alianzia sifuri hata braza. Kwahiyo hivyo viwili, sifuri na kupapasa, mimi naviita moshi, bado sijaona moto.

Moto nauona kwenye asubuhi yake. Mnada umefungwa saa 2 usiku ya Uingereza, kwetu ilikuwa saa 4 usiku, na kufika asubuhi muuzaji tayari anajua mshindi "hana hela". Kwa taratibu za eBay mnunuzi ana siku nne za kulipa kabla muuzaji hajaruhusiwa kufuta mauzo kwa sababu ya kutolipwa. Ni kweli mshindi anaweza kumwandikia mwenyewe usiku uleule kwamba samahani nimeghairi, hutokea. Lakini muuzaji wa kweli aliyekosa 8,100 huwa analalamika, anamfukuzia mtu wake, anasubiri kidogo. Huyu wa kwenu hakuonyesha hata dalili ya kusikitika, kaamka moja kwa moja na ofa ya nafasi ya pili.

Na umejiuliza kwanini kasema 8,000 kamili? Hakuikisia. Ofa ya nafasi ya pili ndivyo ilivyotengenezwa, inampa aliyeshindwa bei ya dau lake la juu kabisa alilowahi kuweka. Yani siri ya braza ikishapitwa, inafunguka. Kwahiyo jamaa akiwapita hajaharibu kitu, anarudi kwa mlango wa nyuma na namba yenu mkononi.

Kuna njia nyingine ya kufanya hivyohivyo ambayo nataka uijue maana utakutana nayo. Mtu anapanda mpaka akupite, akishakupita anafuta dau lake, kisingizio eti aliandika namba kimakosa. eBay ina sheria hapo: kama imebaki zaidi ya saa 12, ukifuta, madau yako yote kwenye ule mnada yanaondoka na bei inarudi chini kama vile hukuwahi kuwepo. Utaona afadhali, bei imeshuka. Kumbe keshajua mwisho wako uko wapi, na baada ya siku moja inakuja akaunti nyingine na dau moja safi lililokaa hatua moja tu chini ya mwisho wako. Kama imebaki chini ya saa 12, anaruhusiwa kufuta lile la mwisho tu na ni ndani ya saa moja tangu aliweke, yale ya nyuma yanabaki, kwahiyo wewe unarudi kuongoza lakini bei imeshasimama pembeni ya mwisho wako. Ujanja wa namna hii unaacha alama, historia ya madau inaonyesha yaliyofutwa. Huyu wa kwenu hakufuta na alikuwa na muda wa kufuta. Labda kwa sababu nafasi ya pili inamletea hela ileile bila kuacha ile alama.

Cha kufanya leo jioni, mwambie braza afungue historia ya madau, abonyeze lile jina lililofichwa herufi. Itatokea muhtasari wa siku 30 za huyo mtu: kaweka madau mangapi, kwenye vitu vingapi, amefuta mara ngapi, na asilimia ngapi ya madau yake ni kwa muuzaji huyuhuyu. Hapa watu wanakosea sana. Wanaona asilimia 100 wanapiga kelele tumepigwa. Asilimia 100 ya mtu aliyeingia mnada mmoja tu haina maana yoyote, lazima iwe 100. Lakini ukikuta mtu kaweka madau kwenye vitu kumi na kitu, leo trekta, juzi welding mashine, wiki iliyopita trela, vyote vya muuzaji mmoja na hajashinda hata kimoja, huyo ni ndugu yake au ni yeye mwenyewe na simu ya pili. Aangalie pia kama muuzaji anarudisha tangazo la kitu kilekile mara kwa mara baada ya "kuuzwa".

Uthibitisho wenyewe hamtaupata, nakwambia mapema usije ukajiumiza kichwa. Nyie mnaona nyota na herufi mbili. eBay ndo wanaona kompyuta iliyotumika, kadi, anwani. Ripotini tu, inachukua dakika chache, na muuzaji akiripotiwa na wengi akaunti yake inaangaliwa. Watu wamefungwa kwa mambo haya. Uingereza mwaka 2010 mahakama ya Bradford ilimtia hatiani muuzaji aliyekuwa anajipandishia mwenyewe vitu vyake eBay, mojawapo ni basi dogo, alikuwa na akaunti ya pili anajiwekea madau na anajisifia, akapigwa faini ya maelfu ya pauni na saa 250 za kazi za kijamii. Ilikuwa kesi ya kwanza ya aina hiyo kule.

Ya Marekani ndo kubwa zaidi. Mwaka 2000 mwanasheria mmoja wa California, Kenneth Walton, aliweka mchoro eBay kwa senti 25, kaandika maelezo ya mtu asiyejua chochote, picha inaonyesha herufi RD pembeni, watu wakaamini ni kazi ya mchoraji maarufu Richard Diebenkorn, bei ikafika dola 135,805. Ilipokuja kuchunguzwa ikaonekana yeye na wenzake walikuwa wanapandishiana madau kwa majina zaidi ya 40, na mchoro ni feki. Ona hapo kitu kimoja: walikuwa watu kadhaa. Huyu anakupandishia wewe leo, kesho wewe unampandishia yeye. Kwahiyo hata mkigundua kwamba mwenye sifuri anakaa mji mwingine kabisa na muuzaji, haimsafishi. Na usidhani ni mambo ya eBay tu, Bill Mastro alikuwa na nyumba ya minada ya kadi za besiboli pale Illinois, watu wanaheshimu jina lake, wanalipa hela ndefu, mwaka 2015 akahukumiwa miezi 20 jela kwa madau ya uongo.

Umeuliza kama ni halali. Si halali, lakini kuna kona moja uielewe. Sheria ya Uingereza ya mauzo ya bidhaa ya 1979 inasema muuzaji haruhusiwi kuweka dau kwenye mali yake wala kumtuma mtu amwekee, isipokuwa alitangaza mapema kwamba anajiwekea haki hiyo, na akifanya kimyakimya mnunuzi anaweza kuyahesabu mauzo hayo kuwa ya udanganyifu. Ya kwetu, Sura ya 214, ilichukuliwa kutoka sheria yao ya zamani, msingi ni uleule. Kona yenyewe ni hii: kwenye nyumba za minada za kawaida dalali anaweza kumpandishia mwenye mali mpaka ifike ile bei ya chini iliyofichwa, wanaiita bei ya akiba, na imeandikwa kwenye masharti, kwahiyo hapo unaweza kuwa unashindana na ukuta kwa muda na hakuna kosa. eBay yenyewe hairuhusu kabisa, iwe chini ya bei ya akiba au juu, iwe mke au shemeji au mfanyakazi wa muuzaji.

Kuna watakaokwambia, si mlikuwa tayari kutoa 8,000? Basi toeni, mnalia nini. Nimesikia hii hoja kwa watu wenye akili zao. Jibu ni kwamba mlikuwa tayari kutoa 8,000 kama kuna mwenzenu wa kweli aliyekubali kutoa 7,900, maana huyo mwenzenu naye kaliangalia trekta, kapiga hesabu, kaona linastahili. Dau la mtu wa kweli ni habari kuhusu mali. Mkiyaondoa ya mwenye sifuri, habari iliyopo ni kwamba hakuna binadamu mwingine aliyeona trekta hili linazidi 5,100. Tofauti ya 2,800, kutoka 5,200 mpaka 8,000, haijanunua kitu, hata tairi.

Na kinachonisumbua mimi zaidi ya hiyo 2,800 ni muuzaji mwenyewe. Mtu anayeweza kukaa jioni na kutengeneza mnunuzi, kesho anashindwa nini kutengeneza mita ya saa za injini? Trekta la 290 ni la zamani, mengine yamelima miaka thelathini na zaidi, saa zinazosomeka pale kwenye dashibodi ni maneno tu kama huna imani na anayesema. Kwahiyo hata akishuka, braza aende mwenyewe na fundi wa matrekta, awashe injini ikiwa ya baridi, asikilize gia na haidroliki ikiwa na mzigo, alinganishe namba ya chesesi na karatasi. Kama muuzaji anakwepa kuonwa, mada imeisha. Msitegemee pia ule ulinzi wa mnunuzi wa eBay, magari yametolewa nje na mashine kubwa nyingi pia zimetolewa, ukishahamisha hela ya trekta uko peke yako.

Safari nyingine fanyeni tofauti. Mwisho wenu usitokee kwenye mnada, utokee Urambo. Jua trekta kama hilo linauzwaje Tabora au Dar, toa usafiri wa loobedi, lile lori la kubebea mashine, kutoka Dar mpaka kwako, toa gharama za bandari na wakala wa forodha, toa meli, toa kulipeleka bandarini kule Uingereza, toa na kidogo cha matairi na betri maana lazima, kinachobaki ndo mwisho. Andikeni kabla mnada haujawaka. Alafu msiuweke siku ya pili kama mlivyofanya. Dau lililokaa siku tano ni siri iliyoachwa mezani siku tano. Braza aliweke mara moja, sekunde za mwisho kumi hivi, mchimbaji anakosa muda wa kuchimba. Yeye ndo aliweke maana intaneti yake haikatiki, wewe huku ukitegemea bando na umeme siku TANESCO wakiamua lao utabaki unaangalia kioo cheusi. Na muangalie saa, kipindi cha joto kwao tunawazidi saa mbili, kipindi cha baridi tatu, watu wamekosa mali kwa sababu hiyo tu.

Sekunde za mwisho hazisaidii kila sehemu lakini. Minada mingi ya mashine za kilimo, Cheffins wa kule Cambridgeshire kwa mfano, siku hizi wanauza mtandaoni kwa muda, na minada ya namna hiyo kawaida dau likiingia dakika za mwisho muda unaongezeka. Pale nidhamu ndo silaha, ukifika mwisho wako unafunga laptopu. Ila kumbuka kwenye nyumba za minada kuna ada ya mnunuzi juu ya bei, na VAT, soma masharti kabla, usije ukashangilia 6,000 kumbe ni zaidi.

Japani, maana najua utaniuliza, ni habari nyingine kidogo. Minada mikubwa ya magari kule wanaingia wanachama tu, wewe unapitia wakala. Shida kubwa pale ni wakala kukwambia alinunua kwa bei kubwa kuliko ile mnada uliyofungia. Dai karatasi ya ukaguzi ya mnada na bei iliyouzwa, kama anaficha hamia kwa mwingine. Na hii minada ya WhatsApp na Facebook ya "magari yaliyokamatwa", weka elfu hamsini ya ushiriki kwanza, mi sihesabu hata kama mnada. Ni wizi mtupu, madau yote unayoyaona kwenye kundi ni ya mwenye kundi.

Sasa muuzaji wenu. Ofa ya nafasi ya pili inadumu siku chache tu na haina sehemu ya kupatana, ni kukubali au kuacha. Iacheni. Braza amwandikie ndani ya eBay hapohapo, asikubali kuhamia WhatsApp wala kulipa pembeni, kwa adabu tu: "Asante kwa ofa. Kabla mnunuzi aliyeshindwa kulipa hajaingia bei ilikuwa 5,200. Ukiliweka tena kwa bei ya moja kwa moja ya 5,300 na ukaniruhusu kuja kuliona na fundi, nitakuja Jumamosi." Akikubali, mwende mkalione. Akinyamaza au akianza habari za kuna mwingine anayelitaka kwa 7,500, mwacheni huyo mwingine alichukue. 290 nyingine zitatangazwa tu.